Waziri Aliyeomba Kuwa Mtu

Mambo haya hayakutokea hapa. Yalitokea kule, na kule si hapa, na naomba tuelewane mapema kwa sababu nina familia. Kule ni Jamhuri ya Sawasawa, nchi nzuri sana, ambayo katiba yake inaanza kwa maneno "Wote ni sawa" na ambayo wananchi wake, ukiwaambia lolote, hujibu "sawa". Bei ya unga imepanda. Sawa. Barabara iliyozinduliwa mwaka jana itazinduliwa tena kesho, fikeni na vigelegele. Sawa. Wageni hudhani ni upole. Mimi naona ni uzalendo.

Katika nchi hiyo palikuwa na Waziri wa Mwanga, Mheshimiwa Ezron Tandawala. Nilitaka kuandika kwamba alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzito, lakini mtaona baadaye kwa nini nimejizuia. Mchana mmoja Mheshimiwa alifika zahanati ya Mikoroshini na lori na vijana wenye kamba. Getini alikuwepo mlinzi, kijana mmoja anaitwa Sijaona Mkumbwa.

"Kijana, fungua geti," alisema Waziri.

Sijaona alifungua. Siku alipoajiriwa alielezwa kazi yake kwa kirefu: wakubwa wakija fungua, wadogo wakija uliza shida yao. Vijana wakaipakia jenereta ya zahanati kwenye lori, wakihema.

"Inaenda wapi, mzee?" Sijaona aliuliza, kwa adabu.

"Inaenda kukaguliwa."

Na kweli ilikaguliwa. Ilikaguliwa nyumbani kwa Waziri, juu ya kilima, kila siku tangu magharibi mpaka asubuhi. Wakati ikikaguliwa, bustani yake ilirusha maji ya rangi, nyekundu, kijani, zambarau, na wananchi wa bondeni waliyaona bure bila kulipa kiingilio.

Ingekuwa imeishia hapo kama si balozi wa nchi rafiki, ile iliyoitoa jenereta. Alikuja kufungua wodi mpya ya wazazi, akakata utepe, akabonyeza swichi, akabonyeza tena. Wapiga picha walimpiga picha akibonyeza. Hajafika hata kwenye gari lake, mwizi alikuwa ameshakamatwa. Alikuwa Sijaona, na alikamatiwa mahali ambapo wezi hukamatwa mara chache sana, yaani kazini kwake, amevaa sare, akimfungulia balozi geti.

Wiki hiyohiyo mkewe, Somoe, alishikwa na uchungu. Mkunga alimzalisha kwa mwanga wa simu aliyoibana kwa meno, maana mikono yote miwili ilikuwa kazini. Dirishani kilima cha Waziri kilikuwa kinametameta. Mtoto alikuwa wa kike, wakamwita Kurunzi.

*

Kesi ya Sijaona ilianza vizuri. Kila alipoletwa mahakamani, Wakili wa Serikali, Bwana Ndauka, alisimama na kusema, "Upelelezi haujakamilika." Hakimu aliandika, Sijaona alirudishwa rumande, na wote walikwenda kunywa chai. Bwana Ndauka alikuwa amelisema neno hilo kwa miaka mingi hata likawa linatoka lenyewe. Kwenye harusi ya bintiye walimpa kipaza sauti atoe nasaha, akasema upelelezi haujakamilika, akakaa.

Somoe hakukosa siku hata moja. Alikaa benchi la mbele na mtoto mapajani, akimwonyesha kizimba. "Yule baba. Umemwona? Baba." Askari hawakuruhusu ndugu wasogee, na Sijaona hakuwa mrefu, hivyo alichokiona mtoto zaidi ni mbao. Kurunzi alipoanza kusema, neno lake la kwanza lilikuwa "baba", na alilisema akikinyooshea kidole kizimba. Baadaye akaanza kutembea. Asubuhi moja kabla mahakama haijaanza, mama anayefagia alimkuta amekumbatia mguu wa kizimba, anakisalimia. Kizimba kilikuwa kitupu.

Sijaona alikuwa na ombi moja tu. Alimwomba askari wa zamu amwachie ambebe mtoto, mara moja tu, arudi. Askari aliuliza kwa wakubwa. Jibu lilikuja kwamba upelelezi haujakamilika.

*

Huku nyuma ile picha ya balozi akibonyeza swichi ilikuwa bado inazunguka duniani, na misaada ikaanza kuchelewa. Mtukufu Rais akaona lazima nchi ionyeshe kwamba sheria ni moja kwa wote. Alilihutubia taifa akiwa ndani ya helikopta. "Hakuna aliye juu ya sheria," alisema, na kwa kuwa kelele ya helikopta ilikuwa kubwa, alirudia. Kisha akaagiza ashtakiwe kiongozi mmoja, wa ukubwa wa kati, haraka iwezekanavyo.

Wenye nia mbaya walisema Waziri Tandawala alichaguliwa si kwa sababu ya jenereta, maana mawaziri wote walikuwa na kitu wanachokikagua majumbani, bali kwa sababu siku hizi alikuwa anakohoa kama mtu anayetaka urais. Mimi siamini maneno ya wenye nia mbaya. Ninayaandika tu ili muyajue na kuyapuuza.

Basi Waziri akawa mshtakiwa wa kwanza na Sijaona mshtakiwa wa pili, kesi moja, kosa moja, siku moja. Sawasawa kabisa. Mshtakiwa wa kwanza alitoka kwake, mshtakiwa wa pili alitoka rumande. Mshtakiwa wa kwanza aliwekewa sofa, kwa sababu mgongo wake ulikuwa umelitumikia taifa. Mshtakiwa wa pili alisimama kizimbani, kwa sababu mgongo wake haukuwa na historia.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa nimekaa tu benchi la nyuma, karibu na dirisha.

Hakimu alikuwa mama mmoja, Chausiku Mbaruku, mkavu wa maneno, ambaye alishahamishwa vituo vingi kwa kosa la kusoma sheria mpaka mwisho. Waziri alitetewa na Wakili Kitojo, msomi ambaye hata joho lake lilikuwa limepigwa pasi kuliko majoho ya wenzake.

"Mheshimiwa Hakimu," alianza Wakili Kitojo, "sheria inasema hivi: 'Mtu yeyote atakayechukua mali ya umma.' Mteja wangu hakatai kwamba sheria ipo. Hakatai hata kwamba mali ilikuwepo. Anachokataa ni kuitwa mtu."

Hakimu Mbaruku alivua miwani. "Fafanua, wakili msomi."

Wakili akamgeukia karani wa mahakama. "Ndugu karani, mlangoni kwako akija fundi bomba, unamwambiaje Hakimu?"

"Namwambia kuna mtu nje."

"Na akija Mheshimiwa Waziri?"

"Nasema Mheshimiwa amefika."

"Hujawahi kusema kuna mtu nje?"

"Siwezi, mzee. Nataka kustaafu salama."

Wakili akaita shahidi wa pili, Profesa wa Taasisi ya Lugha, mzee mpole aliyekuja na kamusi tatu.

"Profesa, magazeti yote ya nchi hii humwitaje mteja wangu?"

"Kigogo."

"Kigogo iko ngeli gani?"

"KI-VI. Kijiko vijiko, kiti viti, kigogo vigogo."

"Sheria inasema 'atakayechukua'. Kama ingemkusudia kigogo, ingesemaje?"

"Kwa sarufi kamili," alisema Profesa, akikohoa kidogo, "ingesema 'kitakachochukua'."

Hakimu aliinama mbele. "Ngoja kwanza, Profesa. Mbona sote tunasema kigogo amefika? Sijasikia popote wakisema kigogo kimefika."

Profesa alifunga kamusi. "Mheshimiwa Hakimu, hiyo si sarufi. Huo ni woga."

Bwana Ndauka alisimama kwa hasira, maana kwa mara ya kwanza alitakiwa aseme neno jipya. "Mheshimiwa, huyu ni mtu! Ana mikono, ana miguu, tunamwona!"

"Hata sofa alilokalia lina mikono na miguu," alijibu Wakili Kitojo. "Mbona hamjalishtaki?"

Waziri alitabasamu, akalipapasa sofa.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Halafu akasoma uamuzi, taratibu, kana kwamba anaonja mchuzi. Alisema mahakama haiwezi kumlazimisha yeyote kuwa mtu kama mwenyewe hataki. Alisema ushahidi wa lugha ni mzito. Kwa hiyo, tangu siku hiyo na kwa matumizi yote ya kisheria ndani ya mipaka ya Jamhuri, Mheshimiwa Ezron Tandawala si mtu. Shauri lingeendelea dhidi ya mshtakiwa wa pili, ambaye pande zote zilikubaliana kwamba ni mtu.

Hapo Somoe akasimama na mtoto mgongoni. Sauti yake haikuwa kubwa.

"Samahani, mheshimiwa. Mimi sikusoma. Nauliza tu. Lile dude lilipakiwa na vijana wanane wakahema. Sasa kama huyu mzee hayumo, ina maana mume wangu alilibeba peke yake?"

Mahakama nzima ilimtazama Sijaona, kijana mwembamba, mabega kama henga ya shati. Hakimu akamtazama Bwana Ndauka.

"Upelelezi haujakamilika," alisema Bwana Ndauka, kwa faraja kubwa.

Nje, Waziri alipokewa na tarumbeta. Wafuasi wake walikuwa wameshachapisha fulana, wakamsindikiza mpaka kilimani wakiimba, "Si mtu! Si mtu!" Somoe alibaki kwenye ngazi za mahakama, anampa mtoto uji. Niliona uchungu siku ile, na sikusema kitu. Nilisema sawa.

*

Kutokuwa mtu ni raha, lakini kuna usumbufu wake.

Ulianzia nyumbani. Mke wa Waziri alikuwa mama mzuri sana, na miaka yote wanaume wa mjini walikuwa wakimpita wameinamisha macho, wakijikumbusha kwamba yule ni mke wa mtu. Baada ya hukumu walikaa wakafikiri. Kwa mujibu wa mahakama, mama yule hakuwa tena mke wa mtu. Barua zikaanza kuingia. Mkuu wa kikosi cha zimamoto alituma posa, ikapokewa na mashangazi, ikajadiliwa. Mama mwenyewe hakusema ndiyo wala hapana. Alisema anasubiri ushauri wa kisheria.

Kisha ukaja uchaguzi, na hapo ndipo pilipili ilipoingia jichoni. Waziri alikuwa ameshabandika mabango nchi nzima: uso wake mkubwa, na chini yake maneno TANDAWALA, MTU WA WATU. Alikwenda Tume ya Uchaguzi kuchukua fomu ya urais. Kwenye kaunta alimkuta Bwana Mchopa, afisa mwoga kuliko wote, ambaye hajawahi kuamua jambo lolote bila kulisoma mahali.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema Bwana Mchopa. "Ila kuna shida kidogo. Katiba inasema 'Mtu yeyote aliye raia anaweza kugombea.'"

"Na mimi ni raia."

"Uraia hauna tatizo, Mheshimiwa. Ni pale mwanzo."

"Bango langu hulioni? Mtu wa watu!"

Bwana Mchopa alichungulia dirishani, akalitazama bango kwa heshima zote. "Watu tunakubali wapo, Mheshimiwa. Mtu ndiye hatumwoni."

Waziri alipiga simu juu. Juu hapakupokewa. Rais, ambaye naye alikuwa anagombea, alikuwa ndani ya helikopta, na humo, kama tunavyojua, kuna kelele.

*

Akarudi mahakamani, mbio, bila tarumbeta. Siku za kuchukua fomu zilikuwa zinakwisha. Ilikuwa ni siku ya kesi ya Sijaona, kwa hiyo kila mmoja alikuwa mahali pake: Sijaona kizimbani, Somoe benchi la mbele, Kurunzi akichezea kandambili sakafuni.

"Naomba mahakama ibatilishe uamuzi wake," alisema Waziri mwenyewe, maana Wakili Kitojo alikuwa amepata mafua ya ghafla. "Naomba nitambuliwe kuwa mtu."

"Mtu wa namna gani?" aliuliza Hakimu Mbaruku.

"Mtu mkubwa. Mtu mwenye hadhi. Mtu maalumu."

"Nimesoma sheria yote, mpaka mwisho. Hao hawamo. Sheria inamjua mtu mmoja tu, mtu yeyote. Sasa niambie, wewe ni mtu kama nani?"

Waziri aliangaza macho. Hakimu hakufaa, naye alikuwa mheshimiwa. Bwana Ndauka alikuwa wakili msomi. Profesa, aliyekuja kusikiliza, ni profesa. Somoe ni mke wa mtu. Karani aliinama chini ya meza. Akazunguka chumba kizima, na chumba kizima hakikuwa na mtu yeyote ambaye ni mtu tu, isipokuwa yule kijana mwembamba nyuma ya mbao. Akamnyooshea kidole.

"Kama huyu."

"Kama huyu?"

"Kama huyu, mheshimiwa. Sawasawa na huyu. Niandikie haraka, Tume wanafunga."

Hakimu aliandika. Aligonga muhuri mwenyewe. Ombi limekubaliwa, alisema, mahakama inampongeza Bwana Ezron Tandawala kwa kuwa mtu. Na kwa kuwa ni mtu, mashtaka yake yanafufuka palepale. Na kwa kuwa kosa hili halina dhamana kwa mtu, na kwa kuwa ameomba mwenyewe awe sawasawa na mshtakiwa wa pili, aende anakolala mshtakiwa wa pili.

Sofa lilikuwa limeshachukuliwa na ofisi ya Msajili. Askari walimsogeza Sijaona kidogo, wakamwingiza Bwana Tandawala kizimbani. Kilikuwa kimetengenezwa kwa ajili ya watu wembamba. Walikaa humo wamebanana kama soksi mbili droo moja.

"Mheshimiwa, basi tuanze kesi sasa hivi," alisema Tandawala, jasho likimtoka. "Tuimalize leo."

Bwana Ndauka alisimama. Alitengeneza tai.

"Upelelezi haujakamilika," alisema.

Tandawala alimwangalia kama mgeni aliyekaribishwa kitu asichokijua. "Ina maana gani?"

"Ina maana unarudi rumande," alisema Sijaona, polepole. Alikuwa mwenyeji. "Halafu unaletwa tena. Halafu wanasema hivyohivyo. Mtoto wangu amezaliwa, ameota meno, sasa anatembea, bado hawajakamilisha. Utazoea, mzee."

"Nizoee? Kuna nini cha kupeleleza?"

"Ndugu mshtakiwa, tulia," alisema Hakimu.

"Siwezi kutulia! Muda wote huo mnapeleleza nini? Jenereta iko kwangu! Iko bustanini, nyuma ya maji ya rangi, kila mtu anaiona toka bondeni! Niliichukua mimi na vijana wangu, mchana kweupe! Huyu kijana alifungua geti tu, nilimwambia mwenyewe fungua geti! Ni nini kigumu hapo?"

Kalamu ya karani ilianguka, na sote tukaisikia.

Bwana Ndauka alikuwa bado amesimama. Midomo yake ilitengeneza lile neno la kawaida, likagoma. Alijaribu tena. Alikunywa maji.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema kwa sauti ngeni, "nadhani... upelelezi umekamilika."

Karani aliuliza neno hilo linaandikwaje.

Ya jioni ile niyaseme sasa, nisije nikasahau. Habari ilipofika vilimani, taa za wakubwa zilianza kuzimika, nyumba baada ya nyumba, hata kile kilima kirefu kuliko vyote. Nchi haijawahi kuwa na giza zuri namna ile. Kulipokucha, mageti ya zahanati, shule na visima yalikutwa na jenereta, pampu, mabomba na vitanda vya wagonjwa, vimefungwa kamba vizuri, hakuna aliyeona vimeletwa na nani. Rais alitangaza kwamba mfano mmoja umetosha, sheria sasa ipumzike. Lakini turudi mahakamani.

"Mshtakiwa wa pili alifungua geti," alisema Hakimu Mbaruku. "Kufungua geti unapoambiwa na waziri si kosa. Ni ajira. Yuko huru. Mshtakiwa wa kwanza abaki alipo, tunaendelea naye."

Askari alimwambia Sijaona afungue kile kilango cha kizimba atoke. Sijaona alikitazama, hakukigusa.

"Nifungulieni nyie," alisema. "Mimi geti silifungui tena bila amri ya maandishi."

Wakamfungulia. Alitoka, akasimama katikati ya chumba, mikono imemwishia kazi. Somoe alikuwa ameziba uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Na Kurunzi aliacha kandambili, akainuka, akaanza kutembea kwa furaha, mikono juu, moja kwa moja kuelekea kizimbani. Alimpita baba yake bila kumtazama. Akafika kwenye mbao anazozijua, akanyanyua uso kwa Bwana Tandawala aliyejaa humo ndani, ameloa, tai imekwenda upande.

"Baba," alimwambia.

Tandawala aligeuza macho.

Sijaona alichuchumaa nyuma ya mwanawe. Hakujua mtoto anabebwaje, akamshika kama mzigo unaoweza kuvunjika, akamgeuza taratibu mpaka wakatazamana. Mimi nililia, na sioni haya kusema.

"Baba ni mimi," alimwambia. "Huyo ni mtu tu."